Hisa za shimo lisiloonekana

Kuna jambo ambalo wauzaji wa hisa wanaopita Maniema hawalitaji: Kongo haina soko la hisa. Nairobi wanalo tangu 1954. Dar es Salaam na Kampala yalianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, na Kigali likazinduliwa 2011. Kinshasa hakuna, Lubumbashi hakuna, Goma hakuna. Basi mtu akija Nyangwe, au akiandika kwenye kundi la WhatsApp la Kasongo, kwamba hisa alizokuuzia kwa dola 50 sasa "zimepanda" hadi 80, muulize zimepandia wapi, na nani kazinunua kwa 80. Bei ya hisa hupanda pale mnunuzi mwingine asiye na uhusiano na muuzaji anapokubali kutoa pesa zaidi. Pasipo soko, hiyo 80 imeandikwa na muuzaji mwenyewe.

Hoja hiyo peke yake ingetosha kuwafukuza nusu yao. Lakini sheria inasema zaidi, na inafaa kuijua kwa sababu wao wanategemea sisi tusiijue. Tangu Septemba 2012 Kongo imo ndani ya OHADA, jumuiya ya sheria za biashara yenye nchi 17. Kwa sheria hizo, duka au biashara ya mtu mmoja, ile yenye "Ets" kwenye kibao chake, haina hisa kabisa: mali ni ya mwenye duka na madeni ni yake. Kampuni ya SARL ina sehemu za wabia, lakini sehemu hizo haziruhusiwi kutangazwa na kuuzwa kwa umma. Kampuni ya SA ndiyo pekee inayoweza kuwaita wananchi wanunue hisa. Nayo ikitaka kufanya hivyo lazima iwe na mtaji usiopungua franga za CFA milioni 100, yaani takriban yuro 152,000, na ichapishe waraka wa maelezo unaoonyesha hesabu zake, madeni yake, viongozi wake na hatari zilizopo. Waraka huo lazima upate kibali kabla ya senti ya kwanza kupokelewa. Mahali pasipo na mamlaka ya soko la hisa, kibali hicho hutolewa na wizara ya fedha. Kuwatangazia watu zaidi ya 100 tayari ni kuuita umma, na kundi moja la WhatsApp linaweza kuwa na watu wengi kuliko hao.

Kwa hiyo kijana mwenye begi na vitabu vya risiti, anayeuza hisa za "kampuni ya dhahabu" nyumba kwa nyumba bila waraka wenye kibali cha Kinshasa, yuko nje ya sheria hata kama mgodi anaousema upo kweli. Hapo bado hatujafika kwenye swali la kama anadanganya.

Watu wa kusini mwa Maniema hawahitaji kufundishwa maana ya hisa. Wanawake wa Kasongo na Kabambare wananunua hisa kila wiki kwenye AVEC zao, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Utaratibu ule ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima kwa sababu ni rahisi kuukagua. Mwanachama hununua hisa moja hadi tano katika mkutano, zinapigwa muhuri kwenye kitabu chake, pesa inahesabiwa mbele ya wote na kutiwa sandukuni. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti. Baada ya mwaka hivi, sanduku linafunguliwa na watu wanagawana. Tuseme hisa ya franga 1,000 imerudi na 1,300. Ukiuliza zile 300 zimetoka wapi, utajibiwa kwa majina: mama huyu alikopa akanunua samaki wa chumvi akauza, yule alikopa akanunua mchele wa kupeleka mgodini, mwingine alichelewa mkutano akatozwa faini. Faida ina wenyewe, na wenyewe wamekaa pale pale kwenye benchi.

Kwenye mashimo ya dhahabu ya Kabambare nako hisa zinajulikana. PDG, yaani mkuu wa shimo, anatafuta mtu wa kumwekea chakula, mafuta ya mashine na zana, wachimbaji wanashuka, mchanga ukitoka unagawanywa kwa mafungu yaliyokubaliwa kabla ya mtu kushuka. Mwenye pesa anaweza kupoteza zote, shimo likijaa maji au likikosa mshipa. Wapo waliofilisika hivyo, na hakuna aliyewaita wajinga. Waliona shimo, walijua wachimbaji, walijua kwamba mawe hayana ahadi.

Mlaghai anachukua maneno ya sanduku na ya shimo, kisha sanduku na shimo anaviacha. Anachokuuzia huwa hivi: "Mama, kampuni yetu inachimba Salamabila. Hisa moja dola 50, kila mwezi tunakupa asilimia 30, ukituletea watu wawili tunakuongezea." Sentensi hiyo ina mambo matatu ambayo mgodi wa kweli hauyawezi. Mgodi haujui mwezi ujao utatoa nini, kwa hiyo hauwezi kuahidi kiwango kile kile kila mwezi. Mgodi wenye faida ya namna hiyo hauna haja ya dola 50 za mama muuza mihogo. Wanunuzi wa dhahabu wangeugombania. Na dhahabu haiongezeki kwa sababu umemleta shemeji yako.

Fanya hesabu, maana hapa ndipo siri yote ilipo. Watu 100 wametoa dola 100 kila mmoja. Mwenye kampuni ana dola 10,000. Asilimia 30 kwa mwezi ni dola 3,000 za kugawa. Kama hakuna kinachochimbwa, ni lazima apate watu 30 wapya mwezi huo kwa ajili ya kuwalipa wa zamani tu, na hao 30 nao mwezi unaofuata wanadai chao. Wakikubali kuacha faida ijizidishe humo humo, kama anavyowasihi, baada ya mwaka mmoja anadaiwa dola 233,000 kutokana na zile 10,000. Hakuna shimo Maniema wala kwingineko linalotoa hivyo kwa ratiba. Ataanguka, na siku ya kuanguka anaijua yeye kabla yenu, kwa sababu ndiye anayehesabu wanaoingia.

Waliokuwa watu wazima wakati wa Zaire wanaijua hadithi hii kwa jina la Bindo. Mwaka 1990 na 1991 Michel Bindo aliwavuta watu wa Kinshasa kwenye Bindo Promotion yake kwa ahadi ya kurudisha pesa ikiwa imezaa mara nyingi ndani ya wiki chache. Zaire ilikuwa inaliwa na mfumuko wa bei, mshahara haukufika mwisho wa wiki, na waliotangulia kuweka pesa walilipwa kweli. Walionekana mitaani na vitu vipya. Wengine wakaiga, kampuni za namna hiyo zikazaliana. Watu wakauza magari na viwanja ili wawahi. Mwaka huo huo wa 1991 malipo yakakoma, na waliobaki na vikaratasi mkononi ndio waliokuwa wengi.

Tanzania iliona yake na DECI, iliyosajiliwa 2007. Pale watu hawakuambiwa "wekeza", waliambiwa "panda mbegu, utavuna", na waliokuwa wakiwaambia ni watu wa kanisa. Serikali iliifunga 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani viongozi wake. Nchini Kenya, kamati ya serikali iliyoongozwa na Francis Nyenze ilikadiria kwamba Wakenya zaidi ya 148,000 walipoteza shilingi bilioni 8 na ushei katika michezo kama hiyo iliyovuma miaka ya 2006 na 2007. Nchi ni tofauti, na majina ni tofauti, lakini hesabu ni ile niliyoiandika hapo juu.

Nasisitiza malipo ya mwanzo kwa sababu ndiyo yanayowashinda hata wasomi. Tunadhani tapeli ni mtu anayechukua pesa akatoweka. Huyo ni tapeli mdogo. Yule hatari analipa: mwezi wa kwanza analipa, wa pili analipa, tena mbele ya watu. Dola 30 alizompa jirani yako ndizo tangazo lake la bei nafuu kuliko yote, na hazikutoka mfukoni mwake. Ndiyo maana ushuhuda wa "mimi nimelipwa" hauthibitishi chochote kuhusu chanzo cha pesa. Jirani hasemi uongo, kapokea kweli. Swali ambalo hawezi kulijibu ni kapokea ya nani.

Tena mlaghai hahitaji kuwashawishi watu 500 wa Nyangwe. Anamtafuta mmoja anayeaminika: mwalimu, mtunza hazina wa AVEC, mzee wa kanisa, imamu, binti aliyesoma Kindu. Huyo analipwa vizuri, naye kwa nia njema kabisa anawaita dada zake na binamu zake. Kampuni ikianguka, mwenye kampuni yuko mbali na simu yake imezimwa. Anayebaki kijijini akiangaliwa vibaya ni mwalimu. Nimeona ndoa zikiyumba na ndugu wakiacha kuzikana kwa sababu ya dola ambazo hata aliyezipokea hakuzila. Hasara hiyo haimo katika hesabu ya kamati yoyote.

Nyangwe, kwa historia yake, ingefaa kuwa na macho makali katika jambo hili. Karne ya kumi na tisa mji huu ulikuwa kituo cha misafara ya pwani, na misafara ile ilikwenda kwa mkopo. Taria Topan, tajiri Mhindi wa Unguja, alimkopesha mkuu wa misafara Tippu Tip bidhaa za kuingia nazo bara, akisubiri pembe za ndovu kwa miaka. Sitaipamba biashara ile: waliolipa gharama yake ni watu wa huku, waliochomewa vijiji na kufungwa minyororo. Lakini tazama jinsi mwenye pesa alivyojilinda. Alimjua anayemkopesha na ukoo wake. Bei ya pembe Unguja ilijulikana kwa kila mtu, na pembe ilipofika ilipimwa kwenye mizani. Leo mambo yamegeuka: anayetoa pesa ndiye aliyeko Nyangwe, na anayezipokea ndiye haonekani, hana ukoo tunaoujua, wala hakuna mizani.

Sasa nije kwenye upande ambao wenzangu wanaoandika juu ya utapeli huupita haraka. Hisa halali nazo huua pesa. Kabambare mnajua hili kwa karibu. Mgodi wa Namoya, pale Salamabila, ulikuwa wa Banro, kampuni iliyouza hisa zake Toronto na New York kwa taratibu zote, na waraka, na wakaguzi. Ulitangazwa kuingia kwenye uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Desemba 2017 Banro ilikimbilia mahakama ya Kanada kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake, na katika mpango wa 2018 hisa za zamani zilifutwa bila wenyewe kulipwa kitu. Dhahabu ilikuwepo, mgodi ulikuwepo, waliokuwa na hisa wakaondoka mikono mitupu. Wauzaji wa hisa za uongo hupenda kutaja migodi mikubwa ili wapate heshima yake. Wakikutajia Namoya, waambie wakusimulie na mwisho wake.

Na pale Kanada kwenyewe, penye soko na sheria na wanahabari wa fedha, Bre-X iliwauzia watu mgodi wa dhahabu wa Busang, Indonesia, usiokuwa na dhahabu ya maana. Sampuli za mawe zilikuwa zimenyunyiziwa dhahabu kutoka kwingine. Hisa moja ilifika zaidi ya dola 280 za Kanada, kampuni ikathaminiwa kwa takriban dola bilioni 6, hadi 1997 kampuni nyingine ilipotoboa mashimo yake yenyewe kando ya yale ya kwanza ikakuta karibu hakuna kitu. Kilichowafichua kilikuwa kipimo cha pili kilichofanywa na mtu asiyelipwa na muuzaji. Wachimbaji wetu wanaijua kanuni hiyo bila kwenda Toronto: hununui dhahabu kwa mizani ya anayeuza.

Ukitaka kuona mauzo ya kweli yanavyofanana, tazama Safaricom mwaka 2008. Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10, na wananchi waliuziwa kwa shilingi 5 kila moja. Waraka ulichapishwa, bei ya wananchi ilitangazwa, tarehe ya kufunga ilijulikana, na walioomba zaidi ya zilizokuwepo walirudishiwa pesa. Hakuna aliyeahidiwa asilimia kwa mwezi. Mwaka uliofuata hisa hiyo iliuzwa chini ya shilingi 3, na wenye haraka waliumia. Waliovumilia walikuja kuona faida kubwa. Hata hivyo Machi mwaka huo huo wa 2008 wakala mmoja mwenye leseni, Nyaga Stockbrokers, aliwekwa chini ya usimamizi baada ya hisa za wateja kuuzwa bila idhini yao. Leseni ni mwanzo wa uchunguzi, haikuondolei kazi ya kukagua hesabu yako mwenyewe.

Jambo la karatasi linahitaji maneno yake. Wauzaji hawa siku hizi wanakuja na namba ya RCCM, namba ya kodi, wakati mwingine na picha wakiwa na kiongozi fulani. RCCM inathibitisha kwamba kampuni imeandikishwa, basi. Kuandikisha kampuni ya kuuza sabuni hakukupi ruhusa ya kukusanya akiba za watu. Ruhusa hiyo, kwa benki, kwa koopeki (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo) na kwa taasisi za mikopo midogo, hutolewa na Benki Kuu ya Kongo, na Benki Kuu hutangaza orodha ya walioidhinishwa. Ukiwa na ndugu Kindu au Kinshasa, mtume aulize jina la kampuni, herufi kwa herufi, kwa maana majina hufananishwa makusudi na ya taasisi za kweli. Picha na kiongozi haina thamani yoyote. Viongozi hupigwa picha na kila mtu.

Kipimo kingine ni mlango wa kutokea. Kabla hujaweka, uliza kwa maandishi: nikitaka mtaji wangu wote kesho kutwa, naupataje? Aliyeweka tayari na ajaribu kutoa vyote, si faida tu. Faida ndogo itatoka. Mtaji ndio hautoki. Utaambiwa mfumo unasasishwa, utaambiwa ulipe kwanza kodi, au ada ya kuthibitisha. CBEX, jukwaa la mtandaoni la "uwekezaji", lilipoanguka Nigeria na Kenya mwezi Aprili 2025, wenye salio kwenye simu zao waliambiwa watume dola 100 au 200 zaidi ili akaunti zao zithibitishwe. Wapo waliotuma. Anayekudai ulipe ili akulipe pesa yako mwenyewe ameshamaliza kukuibia mara ya kwanza, sasa anaanza ya pili. Na baadaye huja wa tatu, mtu mpole anayesema anajua njia ya kurudisha pesa zilizopotea, anahitaji gharama ndogo ya faili tu. Mara nyingi amepata namba yako kutoka kwa wale wale.

Nawaomba wenyeviti wa AVEC, wachungaji na maimamu wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare jambo moja la kutenda: msimpe mtu yeyote nafasi ya kuzungumza juu ya faida mbele ya watu wenu kabla hajaleta waraka wenye kibali cha wizara ya fedha, au idhini ya Benki Kuu. Msikae naye meza moja. Sanduku la AVEC lisitoe hata franga moja kwenda kwa kampuni ya nje, hata wanachama wote wakikubali. Pesa zikishatoka sandukuni, kufuli tatu hazilindi kitu.

Na wewe uliyekwisha kutoa: acha leo kuleta watu wengine, hata kama umeahidiwa kwamba wakija wawili utarudishiwa chako. Usifute ujumbe. Hifadhi risiti na ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money wenye namba ya muamala, tarehe na jina la aliyepokea, kwa sababu kampuni ya simu inayo kumbukumbu ile ile na mwendesha mashtaka anaweza kuidai. Tafuta wenzako mliotoa pamoja, mpeleke malalamiko kwa maandishi mkiwa kundi. Utapeli ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 98 cha kitabu cha pili cha sheria ya adhabu ya Kongo, na adhabu yake inaweza kuwa kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano. Nendeni mapema, wakati yule aliyepokea bado anatumia simu ile ile.